Ramani ya Mkono ni Amana: Tujifunze Kuchora Njia ya Mandhari ya Kigali



Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya wanaingia Kigali kutoka Rusizi, Rubavu, Huye na Nyagatare, na wengine wanatoka Bujumbura, Goma na Tanzania. Wiki ya kwanza haijaisha wanaanza kutuuliza: wapi mtu anaweza kuuona mji wote? Wapi pana kivuli, hewa nzuri na utulivu wa kusoma Qur'ani au kukaa tu? Sisi tuliotangulia huwa tunawatajia majina matatu manne, kisha tunawaambia watafute kwenye simu.

Somo la toleo hili linataka tuwajibu vizuri zaidi. Tutajifunza kuchora kwa mkono, kwenye karatasi moja, ramani ya njia inayopita sehemu zenye mandhari. Lengo ni kwamba mtu asiyejua mji aweze kuifuata kwa miguu, aswali kwa wakati na arudi salama. Mimi ninasoma jiografia, mwaka wa tatu, na haya ninayoyaeleza ninayafanya kwa penseli na daftari la kawaida. Huhitaji kuwa fundi wa kuchora.

Jambo moja ningependa lishike moyoni tangu mwanzo: ramani ni ushahidi. Ukimpa mgeni karatasi ukamwambia "pita hapa", umemshuhudia kwamba njia ipo, inapitika, na mwisho wake ni huo uliouchora. Yeye anaweka miguu yake, muda wake na swala yake juu ya neno lako. Kwa hiyo ramani ni amana.

Kwa nini tuchore, wakati simu ipo?

Simu ina kazi yake, na hatuikatai. Inajua majina ya barabara na inakuonyesha uliposimama. Lakini Kigali ni mji wa vilima. Mto Nyabarongo, unaozunguka mji upande wa magharibi na kusini, unapita kwenye mwinuko wa mita 1,350 hivi kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Mlima Kigali kiko karibu mita 1,850. Ndani ya mji mmoja kuna tofauti ya mita 500 kati ya chini na juu. Hapa kilomita 2 si kilomita 2. Kuna za tambarare, na kuna zinazomfanya mtu asimame kila dakika tano kutafuta pumzi.

Mwaka jana nilikuwa katika kundi la wanafunzi waliopanda Mlima Kigali siku ya Jumapili. Waandaaji walitugawia karatasi yenye majina ya sehemu na mstari unaoziunganisha. Mstari ulikuwa mfupi na umenyooka. Kati yetu alikuwemo kaka mmoja anayetembea kwa mkongojo. Alipouliza njia ikoje, alijibiwa, "Si mbali." Ni kweli, haikuwa mbali. Alipofika chini ya mpando ndipo akaona ambacho hakuna aliyemwambia. Akakaa kwenye duka la chai saa tatu nzima akitusubiri. Dada wawili nao walirudi katikati ya njia, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaambia wapi watapata maji ya udhu na mahali pa kuswalia. Tangu siku ile kaka yule hajaja kwenye ziara nyingine.

Hakuna aliyemdanganya. Karatasi ilisema kweli kuhusu urefu, ikanyamaza kuhusu mengine yote. Ramani ya mkono inaweza kusema yale yaliyonyamaziwa: hapa pana ngazi, hapa pana bomba, msikiti huu una sehemu ya wanawake, njia hii inateleza wakati wa mvua. Hayo anayajua aliyepita kwa miguu yake.

Waliotutangulia katika kazi hii

Katika Sura An-Nahl, aya ya 15 na 16, Mwenyezi Mungu anataja milima, mito, njia, alama na nyota mahali pamoja, akizungumzia namna watu wanavyopata mwelekeo wao. Hivyo ndivyo vitu vile vile ambavyo mchora ramani anavitafuta akitoka nyumbani. Na katika Sura Al-Ankabut, aya ya 20, tunahimizwa tutembee katika ardhi na tutazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Kutembea na kutazama vimewekwa pamoja.

Waislamu wa kale waliichukua kazi hii kwa uzito. Katika karne ya 9 Ibn Khurradadhbih, aliyekuwa afisa wa posta na habari katika dola ya Bani Abbas, aliandika kitabu cha njia na falme, akipanga vituo na masafa kati ya kituo na kituo. Mwaka 1154 al-Idrisi, akiwa Palermo katika kisiwa cha Sicily, alikamilisha kitabu chake cha jiografia chenye ramani 70 za sehemu mbalimbali, na kusini ameiweka juu ya karatasi. Hilo linatufundisha kwamba kuweka kaskazini juu ni mazoea tu. Ramani yako unaweza kuielekeza upande ambao msafiri anakwenda, mradi umemwonyesha kaskazini iko wapi.

Lakini mwalimu wetu mkubwa katika somo hili ni al-Muqaddasi, mtu wa Bayt al-Maqdis, aliyeandika karibu mwaka 985. Yeye alitembea nchi nyingi za Kiislamu, na alipoeleza elimu yake imetoka wapi aliigawa mafungu matatu: aliyoyaona mwenyewe, aliyoyasikia kwa watu wa kuaminika, na aliyoyakuta vitabuni. Ramani zake nazo zilikuwa na utaratibu wa rangi: njia nyekundu, mchanga wa njano, bahari za chumvi kijani, mito buluu, na milima rangi ya vumbi.

Mambo haya mawili, mafungu matatu na rangi, tutayatumia leo hapa Kigali, zaidi ya miaka elfu moja baada yake.

Vifaa na vipimo

Chukua karatasi mbili ngumu kidogo, penseli, kifutio, kalamu nyekundu, buluu, kijani na kahawia, saa, na ubao au jalada gumu la kuandikia ukiwa njiani. Karatasi ya kwanza ni ya kuchafua barabarani. Ya pili ni ya kuchorea nakala safi nyumbani.

Kabla hujatoka, pima hatua yako. Tafuta uwanja wenye njia ya mbio ya mita 100, tembea kwa mwendo wako wa kawaida, na hesabu kila mguu wa kushoto unapogusa chini. Watu wazima wengi wanapata kati ya 60 na 70. Ukipata 65, basi kila ukihesabu 65 barabarani umekwenda mita 100. Kwenye mpando hatua zinafupika, kwa hiyo pima tena kwenye mteremko unaoujua urefu wake, upate hesabu yako ya kupandia.

Kisha tafuta kaskazini. Simika kijiti wima mahali tambarare penye jua. Weka jiwe penye ncha ya kivuli. Ngoja nusu saa, weka jiwe la pili penye ncha mpya. Mstari kutoka jiwe la kwanza kwenda la pili unaelekea mashariki. Simama huku jiwe la kwanza likiwa kushoto kwako na la pili kulia, utakuwa umeelekea kaskazini.

Hapa Kigali tuna bahati nyingine. Saa za nchi yetu zinafuata longitudo ya digrii 30 mashariki, na mji wetu umekaa karibu kabisa na mstari huo. Kwa hiyo jua linafika katikati ya mbingu karibu na saa 6 mchana, likitangulia au kuchelewa dakika kadhaa kulingana na mwezi. Lakini tahadhari: kwa kuwa tuko karibu na ikweta, kivuli cha adhuhuri hakiangukii upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini yetu na kivuli kinaangukia kusini. Miezi mingine ni kinyume chake. Anayeshika kivuli cha Desemba akakitumia Juni atageuza ramani yote.

Ukishaijua kaskazini, kibla ni rahisi. Kutoka Kigali, kibla iko kama digrii 22 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Huna kipima pembe? Chukua karatasi yenye kona kamili. Kona hiyo ni digrii 90. Ikunje kona katikati upate 45, ikunje tena upate 22 na nusu. Elekeza ukingo mmoja wa pembe hiyo kaskazini. Ukingo wa pili, ulio kulia kwake, utakuonyesha kibla. Chora mshale huu wa kibla kwenye ramani yako kando ya mshale wa kaskazini. Mtu aliyeko mlimani bila msikiti karibu atakuombea dua.

Hatua sita za kuchora

*Hatua ya 1: Chagua msomaji wako.* Usichore ramani ya "watu wote". Jiulize: ni ya dada wawili watakaotoka baada ya kipindi cha asubuhi? Ni ya kundi la watu 30? Ni ya mzazi aliyekuja kumtembelea mwanawe? Msomaji ndiye anayeamua nini kiingie.

*Hatua ya 2: Anza na mgongo wa ardhi, barabara zije baadaye.* Kwa penseli hafifu chora mabonde na migongo ya vilima. Nyamirambo, kwa mfano, iko upande wa mashariki wa Mlima Kigali. Mlima Jali uko kaskazini, na kati ya milima hiyo miwili kuna bonde la Nyabugogo. Ukishaweka umbo hilo, barabara zinaeleweka, kwa sababu barabara nyingi za mji wetu zimefuata vilima.

*Hatua ya 3: Tembea njia yote, uandike ukiwa njiani.* Usingoje kurudi hosteli. Kila penye njia panda simama, hesabu hatua, tazama saa, andika. Kwenye kibao cha barabara andika namba yake: KN ni za Nyarugenge, KG za Gasabo, KK za Kicukiro. Lakini andika pia jina ambalo watu wanalitumia. Mwulize dereva wa moto namba ya barabara, huenda akakutazama tu. Mwambie "kwa Kadhafi" na umefika. Jina la mdomoni ndilo litakalomwokoa mgeni simu ikizima.

*Hatua ya 4: Onyesha kupanda na kushuka.* Mwaka 1675 Mskoti John Ogilby alitoa kitabu cha ramani 100 za barabara, kila njia imechorwa kama utepe unaosomwa kutoka chini kwenda juu. Penye mpando alichora kilima kilichosimama, penye mteremko akakipindua. Alama hii inaufaa sana mji wetu. Mimi huongeza idadi: kilima kimoja ni mpando wa kawaida, viwili ni wa kutoa jasho, vitatu ni wa kupumzika njiani. Penye ngazi chora mistari midogo ya kukata njia, na andika kama pana chuma cha kushikilia.

*Hatua ya 5: Kadiria muda, usitoe masafa peke yake.* Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni ambayo bado inatumika. Ukiiweka kwa kipimo chetu ni hivi: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 unazopanda. Tuseme njia ni kilomita 4 na inapanda mita 300. Kutembea ni dakika 48, kupanda ni dakika 30, jumla dakika 78. Hiyo ni ya mtu mwenye nguvu asiyesimama. Kwa kundi la wanafunzi wenye mikoba na wanaopenda kupiga picha, andika saa mbili.

*Hatua ya 6: Tenga uliyoyaona na uliyoyasikia.* Hapa ndipo penye mafungu ya al-Muqaddasi. Njia uliyoitembea ichore kwa mstari mwekundu mzima. Njia uliyoelezwa na mwenyeji unayemwamini, ichore kwa vipande vipande, na uandike pembeni "nimeambiwa". Uliyoiona kwenye ramani nyingine au kwenye simu tu, iweke kwa nukta. Usione haya kuwa na nukta. Msomaji akiona mstari mzima atajua anaweza kuutegemea, na akiona nukta atajua lazima aulize.

Rangi nyingine: mito na bomba za maji kwa buluu, miti na maeneo ya chepechepe kwa kijani, vilima kwa kahawia. Bahari ya chumvi hatuna, kwa hiyo kijani cha al-Muqaddasi tumekipa kazi nyingine.

Mfano: kutoka katikati ya mji hadi Mlima Kigali

Tuanzie Imbuga City Walk, barabara ya katikati ya mji ambayo magari hayaingii. Ni mahali pazuri pa kukusanyikia: pana viti, pana miti, na mtu anayesubiri hasumbuliwi. Kwenye ramani iandike "mwanzo" na uchore alama ya kiti.

Kituo cha pili ni nyumba ya makumbusho ya Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha kituo cha utawala hapa mwaka 1907. Kigali ilikuja kuwa mji mkuu mwaka 1962, nchi ilipopata uhuru. Hapa mgeni anaweza kuuona Mlima Kigali mbele yake, na ni vizuri auone mapema, ajue anakokwenda. Andika pembeni mwa ramani sentensi moja tu ya historia. Ramani ikijaa maneno, njia inapotea.

Kutoka hapo tunakwenda Biryogo. Usikipite haraka kituo hiki. Wakati wa Wajerumani walikuja watu wa pwani na wa bara la Afrika Mashariki, askari, makarani na wafanyabiashara, wengi wao Waislamu wanaosema Kiswahili. Biryogo ikawa mtaa wao. Msikiti wa Al-Fatah, ambao historia yake inaanzia 1913, unahesabiwa kuwa wa kwanza nchini. Kiswahili ambacho leo ni lugha rasmi ya Rwanda, tangu Bunge lilipopitisha mwaka 2017, kilikuwa kinasikika katika vibaraza hivi zaidi ya miaka mia moja kabla. Siku hizi sehemu ya Biryogo imefungiwa magari, barabara imepakwa rangi, meza za chai zimetoka nje. Mandhari si milima peke yake. Mzee anayekunywa chai ya tangawizi baada ya Alasiri huku akiitikia salamu za mtaa mzima ni mandhari pia.

Hapa andika mambo ya lazima: msikiti upi una sehemu ya wanawake iliyo wazi mchana, choo kiko wapi, maji ya udhu yako wapi. Ingia mwenyewe uhakikishe, na kama wewe ni mwanamume mwombe dada akuangalizie upande wao. Kituo cha utamaduni wa Kiislamu, kile ambacho mtaa mzima unakiita "kwa Kadhafi", ni alama kubwa isiyopotea. Kiweke kwenye ramani hata kama njia yako inapita pembeni.

Endelea na barabara ya Nyamirambo. Uwanja wa mpira ambao tangu Machi 2023 unaitwa Kigali Pelé Stadium ni alama nyingine kubwa. Kuanzia upande huu njia inageuka kuelekea magharibi na mpando wa kweli unaanza. Kwenye karatasi yako anza kuchora vile vilima viwili, vitatu. Mahali hapa weka alama ninayoiita "kituo cha uamuzi": duara lenye maneno "unaweza kuishia hapa". Karibu na duara andika wapi pa kukaa, na kama moto inafika juu. Mtu akisoma hivyo nyumbani, anaamua akiwa nyumbani.

Juu ya Mlima Kigali pana miti na upepo. Upande wa mashariki unauona mji umetandazwa juu ya migongo ya vilima. Upande wa magharibi unaiona Nyabarongo ikijipinda bondeni, na ng'ambo yake vilima vya Kamonyi. Maji hayo yanaingia Akagera, yanafika Ziwa Victoria, na kutoka huko yanashika njia ya Mto Nile hadi Misri. Andika hilo kwa maneno machache kando ya mto wako wa buluu.

Andika pia saa. Anayetaka kuuona mji ukiwa na mwanga mzuri aje alasiri, jua likiwa nyuma yake. Anayetaka kuiona Nyabarongo vizuri aje asubuhi. Na kwa kuwa Maghrib kwetu haiondoki mbali na saa 12 jioni mwaka mzima, weka kando ya kilele saa ya mwisho ya kuanza kushuka. Kwa kundi naandika saa 10 alasiri, watu wawe wamefika Nyamirambo na kutawadha kabla ya adhana. Kumbuka pia kwamba matembezi ya ndani ya mji si safari ya kupunguza swala. Kila swala ina wakati wake, na ramani yako lazima ioneshe itaswaliwa wapi.

Mwisho, chora njia ya pili kwa asiyetaka au asiyeweza kupanda. Bustani ya Nyandungu, iliyofunguliwa Julai 2022 kwenye eneo la chepechepe la hekta zipatazo 121, ina njia za kutembea kwa miguu na za baiskeli, madimbwi, ndege na kivuli, na iko bondeni. Kaka yule wa mkongojo hakukosa hamu ya kuona mandhari. Alikosa karatasi iliyomweka mahali pawili mbele ya macho yake, achague mwenyewe.

Mahali pasipo pa kujifurahisha

Wageni wengi watakuuliza kuhusu Gisozi. Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi iliyoko pale ilifunguliwa mwaka 2004, wamezikwa humo watu zaidi ya 250,000, na mwaka 2023 iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero. Eneo lake lina bustani, na liko kwenye kilima chenye mwonekano mpana. Lakini usilichore kwa alama ile ile uliyoichorea duka la chai.

Ushauri wangu ni huu: usiliweke kwenye njia ya matembezi ya kufurahi. Lipe karatasi yake na siku yake. Kama ramani yako ni ya mji mzima na lazima lionekane, tumia alama ya peke yake, isiyo na rangi, na uandike "ukimya". Mgeni wako anaweza kuwa ametembea na mwenyeji ambaye jamaa zake wamelala pale. Ramani nayo inapaswa kuwa na adabu.

Haki za njia

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri, Mtume (s.a.w.) aliwaeleza masahaba kwamba njia ina haki zake, na akazitaja: kuinamisha macho, kuacha kuudhi, kujibu salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Mchora ramani anapita barabarani akitazama sana kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo haki hizi zinamhusu zaidi.

Usichore ua la mtu wala njia inayokatiza ndani ya nyumba za watu, hata kama ni ya mkato. Usipige picha za wanawake kwenye vibaraza ili ukumbuke kona. Kambi za askari na ofisi za usalama usiziweke kwa undani, pita. Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni umuganda, na asubuhi hiyo usimpangie mtu matembezi. Mpangie kushika jembe na majirani. Na ukikuta mfereji ulioachwa wazi au jiwe linaloweza kumwangusha mtu, liondoe kama unaweza. Kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Usipoweza, lichore.

Zaidi ya hayo, andika tarehe kwenye ramani. Kigali inabadilika haraka: njia inafungwa, daraja linajengwa, mtaa unahamishwa kutoka bondeni. Ramani isiyo na tarehe inaendelea kutoa ushahidi hata baada ya shahidi wake kusahau. Msimu nao uandike. Njia ya udongo inayopitika vizuri Julai, katika mvua za Aprili inaweza kumteremsha mtu kwa mgongo.

Zoezi

Jigawanyeni wawili wawili. Chagueni njia moja isiyozidi saa mbili, mwanzo wake uwe lango la chuo au la hosteli yenu. Itembeeni mara mbili, mara moja asubuhi na mara moja alasiri. Choreni ramani kwa hatua sita tulizozitaja. Kisha ndio mtihani wenyewe: mpeni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kupita huko. Mfuateni kwa nyuma, bila kumsaidia kwa neno lolote. Kila anaposimama akigeuza karatasi, hapo pana jambo la kurekebisha.

Maswali ya kujadili katika halaka:

1. Ni nani katika chuo chetu ambaye ramani za matembezi yetu hazimfikirii? Tungebadilisha nini ili naye aende?
2. Al-Muqaddasi alitenganisha aliyoyaona na aliyoyasikia. Katika ujumbe tunaotumiana kila siku kwenye simu, sisi tunatenganisha?
3. Taja sehemu moja ya Kigali unayoiona nzuri na ambayo hakuna anayempeleka mgeni. Kwa nini haimo kwenye orodha za watu?
4. Je, tunaweza kuwa na ramani ya misikiti ya mji wetu inayoonyesha sehemu za wanawake, maji na ngazi? Nani ataanza na umurenge upi?

Tukipata ramani 10 nzuri kutoka kwenu, zitabandikwa kwenye ubao wa jumuiya kabla wanafunzi wapya hawajafika, insha'Allah. Andikeni majina yenu na tarehe pembeni. Shahidi anajulikana kwa jina lake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuwaelekeza wengine kwenye kheri, na azifanye nyepesi njia za wote wanaotembea wakitafuta elimu. Amin.